Tafadhali Tabasamu

3 Machi

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wakazi wote wa mtaa huu wenye magoti mabovu, natangaza kuondolewa kwa benchi la kijani lililokuwa nje ya ofisi ya mtaa. Benchi hilo limetumikia wenyeviti kadhaa, limekaliwa na wenye shida na wasio na shida, na halikuwahi kuomba likizo hata siku moja. Asubuhi hii limekutwa halipo. Zimebaki alama nne za miguu yake kwenye sementi, na juu ya alama hizo, ukutani, bango jipya: HUDUMA ZOTE SASA KIGANJANI MWAKO. Bangoni kuna familia nzima inacheka huku imeshikilia simu moja. Simu moja kwa watu wote hao. Angalau hapo wamesema kweli.

Aliyefikwa na msiba huu kuliko wote ni kaka yangu. Tangu wifi yangu afariki, mvua za mwaka juzi, kaka huamka, hunyoa, huvaa, huenda kukaa kwenye benchi lile. Hana shida ya ofisi. Anakaa tu, wenye shida wanamsimulia za kwao, halafu anarudi nyumbani na habari za kutosha mchana kutwa. Leo amerudi kabla sijatia hata uzi kwenye sindano.

"Wameng'oa benchi."

"Nimesikia."

"Wanasema foleni imekwisha. Sasa kila mtu atapanga foleni nyumbani kwake."

5 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja palepale. Tumeweka ndoo palepale.

8 Machi

Hospitali. Kaka ana mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Ndiye mtoto pekee wa nyumba hii ambaye hajahamia mji mwingine. Daktari amesema wataanza na jicho la kulia tarehe ishirini Mei, na kwamba bila upasuaji, mwakani kaka ataishi gizani. Amelisema hilo kwa upole, akimtazama kaka, si mimi. Nimempenda kwa hilo.

Kaka alikuwa msoma mita wa maji. Maisha yake yote alikwenda nyumba kwa nyumba na koti lake zito la mvua, akichungulia vishimo, akisoma namba zilizofunikwa matope na konokono. Alisoma zile ambazo wenzake walikuwa wanakisia. Mimi mwenyewe kusoma nilifundishwa na yeye, shule haikunipata. Sasa gazeti namsomea mimi, naye ananisahihisha matamshi.

Kikwazo ni kadi ya matibabu. Inakwisha mwisho wa Aprili, na bila kadi hai hakuna upasuaji. Zamani tungeenda ofisini. Sasa inahuishwa kwa simu: mwenye kadi anajionyesha kwenye kamera ili serikali ione kwamba bado yuko hai.

"Jambo dogo," nikamwambia kaka tukirudi.

10 Machi

Si jambo dogo.

Binti yake kaka, yule aliyehamia mji mwingine, alishatuletea simu ya kupangusa. Leo amenielekeza kwa sauti, "Shangazi bonyeza hapo, hapana, hapo pengine," mpaka tukafika mahali penye duara la kuwekea uso. Kaka akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Simu ikaanza kuzungumza kwa sauti ya mwanamke mstaarabu.

"Tazama mbele." Akatazama.

"Geuka kushoto. Geuka kulia." Akageuka.

"Fumba macho. Fumbua macho." Akafumba, akafumbua.

"Tafadhali tabasamu."

Kaka akanigeukia. "Nani anataka?"

"Serikali."

"Serikali inataka mimi nitabasamu?"

"Ndiyo, kaka."

"Kwa jambo gani hasa?"

Simu ikarudia ombi lake, kisha ikarudia tena, kisha ikasema muda umekwisha, jaribu baadaye.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: kaka hajatabasamu tangu tumzike wifi. Si kwamba ana kisirani. Ni mpole kuliko zamani, anashukuru kwa kila kikombe. Ila wifi ndiye aliyekuwa na kicheko katika nyumba hii. Sisi wawili tulikuwa tunaazima kwake.

13 Machi

Tumejaribu tena. Nimemwambia aonyeshe meno tu, si lazima afurahi. Ameonyesha meno. Simu imesema: "Uso haujatambulika." Jirani yetu, Mama Kuku, ambaye kuku wake wanaishi kwetu na kwenda kwake kulala tu, alikuwa dirishani. Akasema, "Hata mimi nisingeutambua."

Kaka hakucheka. Mimi nilicheka, nikajuta.

16 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

20 Machi

Tumekwenda ofisi ya mtaa, tumesimama. Ndani kuna afisa mpya, kijana wa viatu safi, na kishikwambi ambacho hakiachi hata akipiga chafya. Nimempa jina la Bwana Inazunguka. Ukimuuliza lolote anakugeuzia kioo chake, anakuonyesha kile kiduara kinachojizungusha, anasema, "Inazunguka, mama. Subiri kidogo."

Zamani dirisha hilo lilikuwa la Mama Muhuri. Ukifika anakutazama juu ya miwani, anauliza, "Bado upo?" Unajibu, "Bado nipo." Anagonga muhuri. Kuthibitisha uhai kulikuwa kunaishia hapo. Lakini nisimtie sukari kwa sababu tu ameondoka. Mama Muhuri alikuwa akitoka kunywa chai leo anarudi kesho, na aliyekuwa na ndugu ofisini hakupanga foleni. Tena wapo marehemu wa mtaa huu waliokuwa "bado wapo" katika vitabu vyake, wanachukuliwa dawa kila mwezi, na mmoja wao, alivyosimulia kaka kutoka benchini, alishatengenezewa hata meno.

"Ndiyo maana ya tabasamu, mama," Bwana Inazunguka akanieleza. "Watu walikuwa wanaleta picha za marehemu, wanaziweka mbele ya kamera. Wengine wanatikisa picha ili igeuke kushoto na kulia. Lakini picha haiwezi kutabasamu ikiombwa."

Nimeudhika, kwa sababu ni hoja nzuri.

"Hakuna njia nyingine?" nikauliza.

"Ipo. Naandika ombi maalumu kwenda makao makuu. Wao wanajibu." Akashusha sauti. "La mwisho lililoandikwa mtaa wa pili limejibiwa baada ya mvua mbili. Mzee, si acheke kidogo tu?"

Kaka alikuwa amesimama kwa kushika ukuta. Kijana alimpisha kiti chake mwenyewe, kaka akakikataa. Akasema, "Mwanangu, nimesoma mita za mji huu mzima. Hakuna mita hata moja iliyowahi kuniomba nicheke."

25 Machi

Nimemsomea kaka ukurasa wa vichekesho wa gazeti, wote, kwa sauti. Alipoona nimemaliza akasema, "Pole."

28 Machi

Leo nimefanya jambo. Naliandika mchana, kaka amelala.

Mimi na kaka tuna uso mmoja. Pua ya baba, kidevu cha baba, macho ya baba yaliyolala kidogo upande, na siku hizi hata masharubu tunakaribiana. Nikachukua koti lake la mvua la kazini, lile la mita, nikainua kola. Nikavaa kofia yake. Nikafungua kadi yake kwenye simu na kujiweka kwenye duara.

Nikatazama mbele. Nikageuka kote nilikoagizwa. Nikafumba, nikafumbua.

"Tafadhali tabasamu."

Nikatabasamu kwa niaba ya kaka yangu, kwa moyo wangu wote.

"Hongera! Umethibitishwa kuwa uko hai."

Nimejisikia kama mwizi aliyeshikwa na kupewa zawadi. Koti nimelirudisha kwenye msumari wake. Kaka alipoamka nikamwambia mambo yamekwenda vizuri, mfumo umekubali. Akauliza, "Bila tabasamu?" Nikasema mifumo nayo huchoka. Akanywa chai aliyokorogewa na tapeli.

31 Machi

Leo zamu ya kadi yangu, maana nayo inakwisha. Sikuwa na wasiwasi. Mimi kutabasamu sina shida. Nimefanya yote. Simu imetafakari kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu ikaandika:

"Mtu huyu tayari yupo. Kadi zote mbili zimesitishwa kwa uchunguzi."

Kwa hiyo kuanzia leo mimi na kaka yangu, kiserikali, ni mtu mmoja, na mtu huyo anashukiwa.

2 Aprili

Mvua. Sijamwambia.

3 Aprili

Mvua. Sijamwambia. Kuku wa jirani ametaga ndani ya kikapu changu cha vitambaa. Angalau yeye ana kazi aliyoimaliza.

9 Aprili

Ameshajua.

Nilikuwa nimekwenda kupeleka sare za shule nilizoshona. Niliporudi nimemkuta ameketi kwenye kiti changu cha cherehani, kiti asichokikalia kamwe, simu iko magotini.

"Muuguzi amepiga," akasema.

"Amesemaje?"

"Anahakiki wagonjwa wa Mei. Anasema kadi yangu imefungwa. Kompyuta yake inamwambia nimejithibitisha mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mwanamke."

Nikaweka kikapu chini. "Kaka, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Najua ulichokuwa unataka."

Mvua ilikuwa inagonga mabati, kwa hiyo alilazimika kunyanyua sauti, na kaka hanyanyui sauti. Labda ndiyo maana maneno yenyewe yamenikaa hivi.

"Gazeti unanisomea. Vifungo unanifunga. Chai unanikorogea, na barabarani unanishika kiwiko kama kikombe cha udongo. Sawa. Macho hayaoni, nashukuru, sijasema neno. Lakini kucheka, mdogo wangu? Hata kucheka umenichekea?"

Mimi ni mtu wa majibu. Mtaa mzima unajua. Nikaingia chumbani nikajifanya napanga nguo. Nilipotoka, kiti kilikuwa kitupu, koti halikuwa kwenye msumari, na mlango ulikuwa unapigwapigwa na upepo.

Kaka haoni mfereji mpaka awe ndani yake. Na mifereji leo imejaa mpaka juu, maji rangi ya chai, huwezi kujua barabara inaishia wapi. Nikatoka bila mwavuli. Nikaita. Mama Kuku naye akatoka na kanga kichwani, tukagawana, yeye upande wa dukani, mimi upande wa ofisi. Nimepita kila mfereji nikiangalia kama kuna koti. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Ofisi ilikuwa imefungwa. Pale zilipo zile alama nne za benchi palikuwa na maji tu.

Nikarudi nyumbani nikidhani labda nimepishana naye. Nimefika mlangoni ndipo ikaja pikipiki polepole, taa inawaka ingawa giza lilikuwa halijaingia. Mbele Bwana Inazunguka, ameloa mpaka kope. Nyuma yake kaka yangu na koti lake la mita, amekumbatia kitu kifuani, amekibana kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama. Mzee wako huyu," kijana akasema. "Nimemkuta pale nje ya ofisi, anapapasa ukuta."

Alichokibeba kaka kilikuwa kishikwambi, kimefungwa ndani ya koti la kijana mwenyewe.

"Wewe mbona hukuvaa koti lako, mwanangu?"

"Kimelivaa hicho, mama. Mimi nikiloa nakauka. Hicho hakikauki."

Nikamwingiza ndani, nikampa taulo na chai. Hapo ndipo nikajua kwamba kila jioni ofisi ikifungwa anapanda pikipiki na kwenda kwa wasioweza kutoka kitandani, akawathibitishe mmoja mmoja. Hakuna aliyemtuma. Bibi wa nyumba ya kona aliyepooza upande mmoja, alipoambiwa atabasamu, mdomo ulikataa nusu; kijana alikaa naye jioni nzima mpaka mfumo ukakubali hiyo nusu. Ameyasema hayo akipuliza chai, kama mtu anayelalamikia bei ya mafuta. Na mimi nilikuwa nimemwandika humu kwa habari ya viatu vyake safi. Leo vilikuwa vimejaa maji.

Nilidhani kaka atanificha. Wapi.

"Mdogo wangu alivaa kofia yangu akatabasamu badala yangu," akasema. "Sasa tumekuwa mmoja. Tufanyeje?"

Kijana akanitazama, akamtazama kaka, akanitazama tena. "Kweli mnafanana," akasema. "Samahani."

Ipo njia, inaitwa kutenganishwa. Sote wawili tukae mbele ya kamera kwa wakati mmoja, afisa wa makao makuu atuone na kutuhoji. Lakini tabasamu halikwepeki, hasa sasa tunaposhukiwa. Ameomba nafasi palepale. Ikazunguka. Sote watatu tukaitazama inavyozunguka, na kwa mara ya kwanza sikuichukia. Tarehe ishirini na nne.

Kijana alipoondoka, kaka akasema, si kwangu hasa:

"Pale kwenye benchi ndipo alipokuwa ananisubiri nikitoka kwenye mita. Kila siku. Tunarudi wote." Akapangusa magoti kwa viganja. "Nikikaa pale naona kama leo yeye ndiye aliyechelewa."

Nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote na nilidhani alikuwa anafuata umbea.

12 Aprili

Leo kaka amejifunga vifungo mwenyewe. Kimoja kimepanda ghorofa. Nimenyamaza. Naomba jambo hilo lihesabiwe.

17 Aprili

Kaka ametukorogea chai. Ametia chumvi. Akanywa ya kwake yote, mimi nikanywa ya kwangu yote.

21 Aprili

Mvua. Ndoo tatu. Ya tatu ni sufuria.

24 Aprili

Kutenganishwa.

Kaka alikataa nimshike kiwiko, kwa hiyo mimi ndiye niliyejishikiza kwake, kwa kisingizio kwamba nateleza. Alikuwa amevaa koti la mita. Ofisini paa nalo linavuja, hasa juu ya kile kisanduku cha mtandao, na Bwana Inazunguka alikuwa amekifungulia mwavuli wake. Mwavuli mmoja, na mvua inamwagikia yeye begani. Viti viwili vilikuwa tayari. Vya kutoka kwake nyumbani, nilijua kwa sababu kimoja kilikuwa na mto.

Kwenye kioo cha kishikwambi akatokea mama mmoja wa makao makuu, mwenye miwani na sauti ya taarifa ya habari.

"Nani kati yenu ni nani?"

"Mimi ni mimi," kaka akasema.

"Na huyo?"

"Huyo ni mdogo wangu. Tofauti yetu, yeye anakoroma."

"Sikoromi!"

"Andika hapo, mama: anakoroma, na anakana."

Yule mama akaandika kitu. Natumaini si hicho. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kijana akasogeza mwavuli. Yule mama akarudi akiwa katikati ya sentensi.

"...kufanana kwa kiwango cha juu mno. Mzee, nina swali ambalo lazima niulize. Je, uliwahi huko nyuma kuchanganywa na dada yako?"

Kaka akafungua mdomo kusema hapana. Nilimwona. Halafu akaufunga.

"Mara moja," akasema.

Mimi nikajua.

"Siku niliyomleta mke wangu nyumbani," kaka akaiambia kamera. "Mvua kama hii. Mimi nyuma nahangaika na masanduku, yeye ametangulia. Sasa huyu mdogo wangu alikuwa mlangoni anakinga maji, amevaa koti langu. Koti hilihili. Amempa mgongo. Mke wangu akaja akamshika mkono, akamwambia, mume wangu, mbona umeniacha peke yangu mvuani? Na huyu," akaninyooshea kidole, akakosea kidogo, akaunyooshea mwavuli, "huyu, badala ya kusema mimi siye, akajitia sauti nzito. Akasema, samahani, mke wangu."

"Nilikuwa mdogo," nikasema.

"Wakaingia! Mkono kwa mkono, mpaka jikoni! Mimi nimesimama nje na masanduku, siku yangu ya kwanza ya ndoa, mke wangu ameingia ndani na mtu mwingine!"

Kilianzia puani. Kikashuka mabegani. Koti zito likaanza kutikisika, na kikatoka: kicheko cha kaka yangu, kikavu, chenye kutu, kama bomba lililofungwa tangu mwaka juzi. "Mpaka anakufa," akasema, "mpaka anakufa alikuwa anasema, niliolewa na mmoja nikapewa wawili." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea, na uso wake ukawa haujui ushike lipi.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kumpangusa. Nikaurudisha magotini. Machozi yalikuwa ya kwake.

"Asante," kishikwambi kikasema kwa sauti ileile ya kistaarabu. "Umethibitishwa kuwa uko hai."

Mashine haikuuliza kilichomchekesha. Bwana Inazunguka alikuwa amegeukia ukutani, anasoma bango ambalo bila shaka analijua kwa moyo. Yule mama wa makao makuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Pole, mzee," akasema, na ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya mtu mwenye kwao. Kisha akarudi kwenye taarifa ya habari. "Sasa dada. Tazama mbele. Geuka. Tafadhali tabasamu."

Nikashindwa.

Mimi, niliyetabasamu na kofia ya mtu mwingine. Midomo ilikuwa inatetemeka, inakwenda chini. Kishikwambi kikaniomba mara ya pili. Ndipo kaka akainama sikioni kwangu, akajitia sauti nzito.

"Samahani, mke wangu."

Nilicheka mpaka kuku wangekimbia.

"Nimewatenganisha," yule mama akasema.

30 Aprili

Kadi zote mbili zimefunguliwa. Ya kwake inasema mwanamume, ya kwangu inasema mwanamke. Nimekagua.

11 Mei

Mvua zinapungua. Ndoo moja. Bwana Inazunguka amepita kunywa chai. Kaka amemfundisha jinsi ya kujua kama mita inadanganya. Kaka amemkorogea chai mwenyewe, na ilikuwa sukari. Binti yake kaka akapiga simu kuuliza maendeleo, baba yake akamsimulia kisa cha mlangoni tangu mwanzo mpaka mwisho, akakirudia. Niliwasikia wakicheka pande zote mbili za simu. Nimeshona mkono wa shati kwenye kola.

20 Mei

Upasuaji. Nimekaa nje. Hospitali ina viti vingi.

21 Mei

Wametoa bandeji. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevaa gauni zuri, kwa sababu nilitaka kitu cha kwanza akione kiwe cha heshima. Akapepesa. Akanitazama kwa muda mrefu, kwa upole mkubwa.

"Mdogo wangu," akasema. "Ulizeeka lini?"

Nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye picha ya wifi, ile ya ukutani karibu na msumari wa koti. Nikampisha. Niliporudi kutoka jikoni bado alikuwa amesimama pale, amesogea karibu kabisa, kama anasoma mita.

29 Mei

Kaka anasoma kila kitu. Bei za dukani, namba za magari, maandishi ya gunia la chakula cha kuku. Anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa majivuno. Siku mbili za kwanza nililia. Sasa nimezoea kutosikiliza.

4 Juni

Jua. Paa halivuji. Asubuhi Bwana Inazunguka alituletea habari mwenyewe: benchi limerudi. Lilikuwa stoo muda wote huo, limelala kifudifudi. Ameandika mara nne makao makuu kwamba hata huduma za kiganjani zina watu, na watu wana magoti. Hawajamjibu, basi akalitoa mwenyewe, akaligongomea mguu, akalipamba.

Tumekwenda wote wawili, kaka na koti lake ingawa hakuna mvua, mimi na gauni langu la hospitali. Benchi lilikuwa palepale, kwenye alama zake, kijani kipya kinachong'aa. Kaka akakaa upande wake. Akanionyesha upande wa pili kwa kiganja.

"Kaa. Leo hajachelewa mtu."

Nikakaa. Watu walipita wakasalimia, mama mmoja akaanza kutusimulia shida za simu yake, na kaka akamsikiliza kama zamani. Alipoondoka, kaka akaegemea, akanyoosha miguu, akaanza kazi yake ya kusoma. Akasoma bango lote. Akasoma namba ya pikipiki ya kijana. Mimi nilikuwa nalitazama jua na sikuwa nasikiliza. Halafu akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, mbele yetu, polepole, kwa sauti ya ushindi, bila kukosea hata herufi:

"Rangi bado mbichi. Tafadhali usikae."